Naomba ushauri: natafuta asili ya babu wa baba mkwe, mkulima wa Quebec, nimekwama 1894

Mkwe_wa_Theluji: Wakuu habari za jioni. Niko Quebec, Kanada, mwaka wa saba, nimeoa huku. Baba mkwe ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa Kamouraska, Jumamosi ijayo anatimiza miaka 84. Nimejitolea kumwandalia mti wa ukoo. Nimemfikia babu yake, aliyezaliwa 1894, juu ya hapo giza. Nifanyeje? Usingizi sipati.

Lushoto78: Mkuu, huko ni rahisi kuliko kwetu. Mapadri waliandika ubatizo, ndoa na maziko tangu 1621, na tangu 1679 nakala mbili, moja ya parokia, moja ya mahakama. Anza na ndoa, wazazi wa pande zote hutajwa humo. Chunga majina ya "dit", yaani jina la pili la ukoo. Miville dit Deschênes, mtoto mmoja anaandikwa Miville, mdogo wake Deschênes. Wengi wanapotelea hapo.

MamaTanga: Umenikumbusha kesi yetu ya minazi Pangani. Tulitaja mababu saba bila kukosea, hakimu akauliza wa nane. Tukabaki kutazamana. Minazi ikaenda.

ChaliiWaNgarenaro: Mahari ulilipa kwa ng'ombe wao wenyewe au? 😂

Mkwe_wa_Theluji: Ndoa ninayo, ya 1917. Hazina ya PRDH, kumbukumbu za parokia za Chuo Kikuu cha Montreal, nimeshaipitia, inaishia katikati ya karne ya 19.

Lushoto78: Kama ndoa unayo, wazazi unao. Sasa umekwama wapi? Andika mstari wenyewe hapa.

MamaTanga: Naona kimya.

Mkwe_wa_Theluji: Haya. Kwenye ndoa imeandikwa "fils adoptif", mtoto wa kulea. Na kwenye ubatizo: "né de parents inconnus", wazazi hawajulikani. Halafu bango la mti wa ukoo lilishakwenda kuchapwa Jumatatu. Nilimuunga na ukoo wa waliomlea, unapanda mpaka kwa askari wa kikosi cha Kifaransa cha Carignan-Salières, wale waliotua huku 1665. Mzee nilishamdokezea, anawatambia majirani. Msinihukumu. Jina ni lao, shamba ni lao, kalelewa pale. Nimedanganya nini hapo?

MzeeWaKanisa: Umedanganya, kijana. Padri wa watu mwaka 1894 aliona aibu iliyokuwepo akaiandika kama ilivyo. Wewe mwenye kompyuta ndiyo unaifuta?

KamandaChai: Wakuu, hii ni chai, tena ya maziwa ya Kamouraska. Mwaka jana huyu alikuwa anauza Noah, gari lipo Mbagala. Leo ana mwaka wa saba Quebec?

Mkwe_wa_Theluji: Noah ya kaka yangu, nilimtangazia tu.

KamandaChai: Kaka. Sawa. Weka picha ya cheti.

ChaliiWaNgarenaro: Ila iliuzwa?

Mkwe_wa_Theluji: Picha siweki, kuna majina ya watu. Ila kuna hati ya notari, mwanasheria wa kuandika mikataba, ya 1919. Wazee waliomlea wanamkabidhi shamba, naye kila mwaka awape kuni zilizopasuliwa, unga, nguruwe mmoja aliyenona, na farasi wa kuwapeleka misa ya Jumapili. Mpaka wafe, kisha awazike.

Lushoto78: Kamanda, mtu wa chai hakumbuki nguruwe. Wakulima wa huko ndivyo walivyorithishana, mzee anatoa shamba angali hai, mtoto anafungwa na maandishi amtunze. Mkuu, wazazi wa damu sahau. Sheria ya kuasili Quebec ilikuja 1924, kwa mtoto wa 1894 faili utalitoa wapi? Weka hiyo hati kwenye bango, waandike waliomlea kama waliomlea. Askari mtoe.

KamandaChai: Nguruwe nimekubali. Noah bado.

Mkwe_wa_Theluji: Kuchapa upya ni dola 140. Na majirani nitawaambia nini?

MamaTanga: Majirani wa nini? Mkeo anasemaje?

Mkwe_wa_Theluji: Sijamwambia.