Mrejesho: koleo la kubania riveti au mashine ya mezani?

Wiki tatu zilizopita niliwauliza: ninunue koleo la mkono au kimashine cha mezani cha kubania riveti (vile vishikizo vya chuma vya kuunganishia ngozi) kwenye sandali na mikanda? Wengi mlisema cha mezani. Nami kwa ubishi nikachukua koleo, bei ilinivuta.

Sandali za kwanza zilikuwa raha. Kisha riveti zikaanza kulala upande, na kiganja kinawaka moto. Nikalitukana koleo. Kumbe kosa langu! Ngozi zangu mbili zikiunganishwa zina unene wa milimita 4, nami natumia riveti ambayo mguu wake, ule ujiti unaopenya ngozi, ni wa milimita 8. Mguu unabaki mrefu, unajikunja badala ya kufunga. Mzee mmoja fundi pale soko la Kariokor, Nairobi, alishika riveti moja tu, akacheka: "Kijana, mguu utokeze juu ya ngozi milimita mbili, tatu hivi. Basi." Nikahamia za 6, zimetulia.

Jambo jingine: kikombe cha kubania, kile kinachokandamiza kichwa cha riveti, kilingane na kichwa chenyewe. Changu kidogo kiliacha alama ya mwezi mwandamo kwenye kila kichwa, mteja akaiona kabla yangu.

Jana nimenunua cha mezani. Oda ya mikanda 60, kiganja gani kitaweza? Koleo siliuzi, linanifaa nikiitwa kurekebisha mikoba.

Asanteni, wakuu.