Miaka 60 ya Star Trek: tuoneshe sehemu ipi Kirumba?

Mwalimu wa Nyegezi
Ndugu zangu, habari za jioni. Tarehe 8 Septemba 2026 tamthilia ya Star Trek, inayohusu safari za angani katika siku zijazo, itatimiza miaka 60 tangu ilipooneshwa kwa mara ya kwanza katika televisheni ya NBC nchini Marekani, nami niliyeipenda tangu nikiwa sekondari nisingependa siku hiyo ipite kimya hapa Mwanza. Mwenye kibanda umiza kimoja karibu na soko la samaki la Mwaloni, hapo Kirumba, amekubali kunipa ukumbi kwa saa moja, na mtafsiri wake atashika kipaza sauti kama afanyavyo kwa filamu nyingine. Muda huo unatosha sehemu moja tu, ilhali tamthilia ya mwanzo peke yake ina sehemu 79, na wengi watakaokuja ni wavuvi na wachuuzi wa dagaa ambao hawajawahi kuiona. Niwaoneshe ipi?

Mama wa Igoma
Mwalimu, hongera kwa wazo hili. Waoneshe "The Man Trap", ileile iliyorushwa siku hiyo mwaka 1966. Kiumbe anayefyonza chumvi katika miili ya watu ameingia katika chombo cha angani kiitwacho Enterprise huku akibadili sura, na anapomkuta Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, anajigeuza mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Kabla Tanganyika haijatimiza hata miaka mitano ya uhuru, lugha yetu ilisikika usiku wa kwanza kabisa wa tamthilia hiyo! Nina ombi moja: mtafsiri atafsiri yote tangu mwanzo, lakini hapo anyamaze, watu wasikie kwa masikio yao.

Fundi wa Ilemela
Naheshimu pendekezo la Mama, ila sikubaliani nalo, kwa sababu katika sehemu hiyo Kiswahili ni chambo cha muuaji. Mimi ningechagua "The Changeling" ya mwaka 1967, ambamo mashine iitwayo Nomad inamfuta Uhura kumbukumbu zake, na anapofundishwa kusoma upya, Kiingereza kinamshinda na Kiswahili kinamtoka chenyewe. Kila kitu kimefutwa, lugha hiyo imebaki. Mimi hapo huwa nasimamisha picha na kurudia.

Yoyote utakayochagua, Mwalimu, watu waelezwe kwanza habari za Nichelle Nichols aliyeigiza nafasi hiyo, na kwamba jina Uhura limetokana na neno letu uhuru. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha, akashawishiwa abaki na Martin Luther King, aliyemweleza kwamba kuonekana kwake pale kulikuwa na maana kubwa kwa watu weusi. Miaka ya 1970 alisaidia NASA, shirika la anga la Marekani, kuwatafuta wanawake na watu weusi wa kujiunga na wanaanga. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, mwaka 1992, amesema wazi kwamba Uhura alimtia moyo tangu utotoni.

Kijana wa Mwaloni
Shikamooni wote. Mimi ni mvuvi wa dagaa, naomba niseme kuhusu saa. Tarehe hiyo ni Jumanne, na mwezi utakuwa umebakiza siku chache kuandama, kwa hiyo ni giza, na wakati wa giza sisi tuko ziwani na taa zetu. Mkiweka saa mbili usiku mtabaki na viti vitupu. Tunarudi alfajiri, tunashusha mzigo, tunalala hadi adhuhuri. Saa nane mchana tutakuja. Zibeni tu matundu ya bati kwa mablanketi, maana jua la mchana huiharibu picha.

Mwalimu wa Nyegezi
Marahaba, kijana wangu. Iwe saa nane mchana. Nitaonesha "The Man Trap" kwa kuwa ndiyo ya siku yenyewe, lakini hoja ya Fundi imeniingia, na nimeomba niongezewe dakika kumi ili nioneshe pia kipande kile cha Uhura akifundishwa kusoma. Mtafsiri nimeshazungumza naye. Ameniuliza atajuaje mahali pa kunyamaza, tukakubaliana kwamba nitakaa kando yake nimguse bega.