Mafuta yakiisha, Idi Makadara tutauza vidude gani?

BiMakadara aliuliza:

Assalaam aleikum jamani. Mimi nauza vitu vya watoto, jumla na rejareja, duka liko nyuma ya Biashara Street. Idi ikifika nabeba meza naenda uwanja wa Makadara hapa Mombasa kama wenzangu. Mali yangu naijua kwa mkono. Mtoto wa bandia wa bei ya chini ukimbinya kifua chaingia ndani na hakirudi, mshono wa ubavuni wakwaruza kidole, na mkono ukiukunja mara moja tu, pale penye kiwiko pafanya weupe. Bastola ya maji nayo huvujia mshononi kabla mtoto hajamaliza kumlowesha ndugu yake. Lakini hizo ndizo zinazonilisha, si yule bandia mzuri wa kwenye sanduku.

Sasa binti yangu ataka tuchukue stoo kubwa tulete kontena letu wenyewe, tuache kununua kwa wenye makontena. Kakake yuko kidato cha tatu, yuamwambia asijisumbue: plastiki ni mafuta, dunia yaacha mafuta, miaka ishirini ijayo hakuna cha kuuza. Wabishana mpaka wali wapoa. Wenye kujua nielezeni: hivi vidude kweli vyatoka kwenye mafuta? Na yakikosekana vitatengenezwa na nini? Tafadhali msinihubirie habari za kuokoa dunia. Nijibuni kama mtu atakayetoa pesa zake.

BaharinMwenyewe alijibu:

Mama, lete kontena. Watu wakihamia magari ya umeme kinachokosa mnunuzi ni petroli na dizeli, si plastiki. Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema 2018 kuwa viwanda vya kemikali vitachukua zaidi ya theluthi ya ongezeko la mahitaji ya mafuta hadi 2030. Wenye visima watatafuta pa kuyapeleka. Vidude vyaweza hata kushuka bei.

MstaafuWaChangamwe alijibu:

Waaleikum salaam Bi Makadara. Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta Changamwe mpaka kilipoacha kusafisha mwaka 2013, kwa hiyo hili niachie mimi.

Mafuta ghafi tulikuwa tukiyapasha moto kwenye tanuri kupita nyuzi 300, mvuke wapanda mnarani, na kila aina yatokea kwenye ngazi yake: gesi ya kupikia juu, petroli na jamaa zake, mafuta ya taa, dizeli, na chini kabisa yale mazito ya meli na lami. Kati ya hao jamaa wa petroli yupo mmoja mwepesi, nafta. Huyo ndiye mama wa bandia wako. Lakini Changamwe hatukuwahi kutoa punje hata moja ya plastiki, kwa sababu nafta yataka mtambo mwingine wa kuipasua kwa joto la nyuzi 800 na zaidi ndipo upate gesi za ethilini na propilini, kisha ziungwe minyororo mirefu, hiyo ndiyo plastiki. Mtambo huo hatukuwa nao. Ndiyo maana tulipozima sisi, duka lako halikutikisika. Vidude vyako vyamiminwa China, wilaya ya Chenghai pale Shantou imejaa viwanda vya vitu vya watoto, na Kilindini vyafika vimeshapakwa rangi na nyusi.

Sasa mwambie kijana wako hivi: plastiki haidai mafuta, yadai kaboni, nayo imo pia kwenye gesi, makaa na mimea. Marekani ethilini nyingi yatoka kwenye gesi ya ardhini. China wapo wanaoitoa kwenye makaa ya mawe. Brazili waitoa kwenye miwa, wapika spiriti, waondoa maji, wapata ethilini ileile. Kabla ya mafuta kushika dunia watu walikuwa na bandia wa seluloidi, pamba iliyotiwa asidi ikachanganywa na kafuri, ila ukimsogeza karibu na kibatari huna mtoto huna nyumba. Hata kichwa cha bandia wako, kile laini, kikiwa ni PVC, aina ya plastiki inayolainishwa kwa dawa, basi zaidi ya nusu ya uzani wa PVC yenyewe kabla ya kulainishwa ni klorini, na klorini hutolewa kwenye chumvi, hii hii kama inayovunwa Gongoni.

Lakini msije mkadhani miwa ni jibu jepesi. LEGO, wale wenye matofali ya kuchezea ya kushikana, walianza 2018 kutumia plastiki ya miwa kwa vipande vya miti na majani. Tofali lenyewe hawakuliweza, plastiki hiyo ni laini, tofali haliwezi kushika lenzake vile lipasavyo. Lile ni la plastiki ngumu iitwayo ABS, na limekuwa hivyo tangu 1963. Wakajaribu chupa za maji zilizoyeyushwa, wakatuonyesha tofali la mfano 2021, na 2023 wakaliacha, maana walipopiga hesabu ya mitambo mipya wakaona hewa chafu ingezidi. Hao ni watu wenye pesa. Na hapa kwetu miwa ya Kwale na ya magharibi haijatutosha hata kwa chai, nani atatupa ya vidude?

Kwa hiyo kitakachokufa ni bei. Bandia wa shilingi hamsini yupo kwa sababu nafta ni rahisi na meli iliyomleta yachoma mafuta rahisi. Ondoa hayo mawili, atabaki yule wa kwenye sanduku. Ndugu yangu Baharin asema kweli kwa miaka kumi. Kwa ishirini simfuati.

MamaMapacha_Bamburi alijibu:

Shikamoo mzee. Mimi naongeza la kuyeyusha upya, maana kila mtu hulikimbilia. Jahazi la Flipflopi lilijengwa Lamu kwa taka za plastiki na kandambili kuukuu, likashushwa majini 2018, mwaka uliofuata likafika Zanzibar. Mashallah, nalisifu. Ila jahazi hakuna anayelitia mdomoni. Plastiki nyeusi ya televisheni na kompyuta zilizokufa ina dawa za kuzuia moto, na dawa hizo zimeshakutwa ndani ya vitu vya watoto vilivyotengenezwa kwa plastiki hiyo. Wanangu wawili wang'ata kila kitu. Kitu cheusi kizito cha bei ya kutupa siwanunulii. Bi Makadara, ukienda kuagiza, uliza imetoka wapi, na usikubali jibu la "ni nzuri tu".

BiMakadara alijibu:

Mzee, Mungu akuweke. Nimemsomea binti yangu yote, kakake amenyamaza, nami hilo pekee naliona faida.

Tumeamua hivi. Stoo tutachukua, kontena zima hapana, tutagawana na mwenzangu mmoja wa Mwembe Tayari. Bastola na miwani ya Idi zitakuwa robo, si robo tatu kama zamani. Zilizobaki ni mali nzito: matofali, magari ya magurudumu mapana, bandia asiyebonyea. Hizo hata bei ikipanda mtu hununua moja ikarithiwa na wadogo. Mama Mapacha, vyeusi nimevifuta kwenye oda.

Swali la mwisho. Tiara za karatasi na chelewa niliziweka mezani Idi iliyopita kama pambo tu, zikaisha kabla ya bastola. Sasa nataka na pia za mti, zile za kuzungushwa, za jumla. Nani ana fundi?

MstaafuWaChangamwe alijibu:

Ushirika wa wachongaji Wakamba uko huku huku Changamwe, nenda asubuhi. Waambie wachonge za mwarobaini, usiwaagize mpingo kwa kitu cha kurushwa chini. Na hamsini usiitaje, watakucheka.

BiMakadara alijibu:

Nitaanza na mia. Wakizidi hapo namtuma binti yangu, yeye ndiye mwenye mdomo.