Tuiachie kompyuta iamue mgao wa maji Mwanza?

MLETA MADA
Mwangaluka wakuu. Naleta mada, tushindane kwa hoja.

Ziwa tunalo mlangoni na bado tunaulizana asubuhi, "Kwenu yametoka?" Chanzo cha Capripoint kina uwezo wa kuzalisha lita milioni 90 kwa siku, na cha Butimba kimeongeza lita milioni 48. Kwa hiyo shida si uhaba wa maji ziwani. Shida ni kuyafikisha kwenye mji wa miamba, ambako nyumba moja iko karibu na usawa wa ziwa na nyingine imeng'ang'ania jiwe juu kabisa. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Huku kwetu aliye juu ndiye anayengoja.

Leo mgao unaendeshwa kwa ratiba na kwa fundi mwenye spana ya valvu. Napendekeza uamuzi huo uhamie kwenye modeli. Mabomba, matangi na pampu zote zinaingizwa kwenye kompyuta, halafu programu inajaribu maelfu ya mipangilio: pampu ipi iwake saa ngapi, tangi lipi lijazwe kwanza, valvu ipi ibanwe. Inaendelea mpaka ipate mpangilio unaotimiza lengo kwa gharama ndogo. Wala si kitu cha jana. EPANET, programu inayotumiwa sana kwa hesabu za mtandao wa maji, ilitolewa na wakala wa mazingira wa Marekani mwaka 1993, tena ni ya bure.

Chukueni presha peke yake. Kila mita 10 za kimo ni takriban bar 1. Tangi likiwa mita 80 juu yako, usiku watu wamelala na koki zimefungwa, bomba lako linabeba karibu bar 8. Ndipo tunapoamka tukakuta barabara imekuwa mto. Ukiipunguza presha hiyo kwa nusu, maji yanayovuja kwenye tundu la bomba la chuma hupungua kama asilimia 30. Kwenye ufa wa bomba la plastiki, ambao hujifunga kidogo presha ikishuka, yanaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Modeli inakuonyesha valvu ya kupunguza presha uiweke wapi. Hayo ni maji unayoyapata bila kujenga chanzo kingine.

MHASIBU, NYEGEZI
Naunga mkono asilimia mia. Ongeza na umeme, maana hapo ndipo pesa inapoyeyukia. Kupandisha lita 1,000 mita 100 juu ni uniti 0.27 za umeme kwa fizikia tupu. Ukihesabu upotevu wa pampu na mota, sema 0.4. Lita zote milioni 48 zikipandishwa hivyo ni karibu uniti 19,000 kila siku ya Mungu. Sasa ukiyapeleka yote kwenye tangi la juu, kisha ukayabana kwa valvu yamshukie mtu wa bondeni, umelipia umeme uliopotea bure. Kompyuta itaona hilo mara moja. Mimi ningeiwekea lengo moja tu: gharama ndogo kabisa kwa kila uniti ya maji inayouzwa.

MKAZI WA MABATINI
Kaka mhasibu, asante kwa kutufumbua macho. Lengo likiwa hilo, jibu la kompyuta nalijua hata bila kompyuta: usipandishe maji mlimani. Sisi ndio ghali.

Halafu hizo data mtazitoa wapi? Kwenye bili? Bili yangu ya mwezi inaweza kusoma uniti tatu. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita ishirini, kwa hiyo ndoo 150 kwa nyumba ya watu saba mwezi mzima. Mnadhani tunaoga kwa hizo? Yaliyobaki nanunua kwa dumu kwa kijana wa mkokoteni, na yeye hana dira. Mtu wa data ataangalia uniti tatu na kuandika kwamba mahitaji ya mtaa huu ni madogo. Kesho modeli inatugawia madogo. Mwaka unaofuata bili zinasoma madogo zaidi. Na hapo sijataja dira inayozungushwa na hewa maji yanapoanza kutoka.

MWANAFUNZI WA UHANDISI
Mama, hoja yako ina uzito kuliko unavyodhani, na wataalamu wanaijua. EPANET ya awali ilichukulia kwamba kila mteja anapata anachohitaji, kisha ikatafuta presha. Kwa mji usio na mgao haina neno. Kwa mji wa mgao ilikuwa inaleta vichekesho: presha ya chini ya sifuri, na maji "yanatoka" hapohapo. Toleo la 2.2 la mwaka 2020 ndilo lililoongeza hesabu ambayo maji anayopata mteja yanategemea presha iliyopo. Bado lazima uyajue mahitaji halisi. Pia simtanki zinavuruga kila kitu, kwa sababu mwenye tangi la lita 5,000 hachoti anachotumia leo; anavuta kadiri presha inavyomruhusu hadi boya lifunge. Wa bondeni hujaza kwanza, wa juu hupata makombo.

Niongeze tahadhari nyingine kwa wanaopenda neno "gharama ndogo kabisa". Kuna mfano maarufu kwenye fani, mtandao wa maji wa Hanoi, Vietnam, uliochapishwa mwaka 1990: mabomba 34, chanzo kimoja, na sharti kwamba kila sehemu ipate presha ya angalau mita 30, yaani karibu bar 3. Watafiti wameshindana miaka na miaka kuchagua vipenyo vya mabomba ili bei ishuke. Bei ilishuka kweli. Lakini majibu ya bei rahisi huacha baadhi ya sehemu zikiwa na mita 30 na kidogo tu, hakuna akiba. Mahitaji yakipanda kidogo, au bomba likiota kutu ndani, sharti limevunjika. Hesabu hukata kila usichoiambia ikilinde.

FUNDI BOMBA, IGOMA
Nyie mnabishana juu ya akili ya mashine, mimi nauliza kuhusu macho yake. Mtandao huu umeunganishwa kwa miaka mingi na watu tofauti. Kuna valvu zimefukiwa chini ya lami. Kuna iliyofungwa nusu na mtu aliyekwisha staafu, ramani inasema iko wazi. Kuna bomba kwenye mchoro ni inchi nne, ukifukua unakuta inchi tatu. Kompyuta ikiambiwa uongo itapiga hesabu safi kabisa ya uongo huo.

Na mimi huyo "mwenye spana" mnayetaka kumwondoa ndiye ninayejua bomba lipi linapiga filimbi maji yakiingia. Sijakataa modeli. Nikalishwe pembeni ya huyo kijana wa kompyuta, sio nisubiri ujumbe wa simu uniambie nifungue wapi.

MLETA MADA
Fundi, nakubali, tena kabla ya programu yoyote kuwe na msako wa valvu, moja baada ya nyingine.

Kwa Mama wa Mabatini nabadilisha pendekezo langu. Lengo lisiwe gharama kwanza. Modeli ianze kwa kupandisha saa za maji za zoni inayopata saa chache kuliko zote. Ikifika mahali haiwezi kuongeza tena, ndipo itafute umeme mdogo ndani ya mipangilio iliyobaki. Kihesabu hilo si gumu. Na sharti hilo liandikwe kwa Kiswahili, libandikwe kwenye ofisi ya kila mtaa, ili wananchi wajue mashine imetumwa nini. Leo ratiba tunaiona, sababu yake hatuioni.

MHASIBU, NYEGEZI
Sawa, lakini nani analipa? Mkiweka mlima kwanza, uniti ya maji itapanda bei kwa wote, hata kwa wa bondeni masikini, nao wapo. Msidhani kila aliye chini ni tajiri na kila aliye juu ni maskini. Isamilo nako ni mlimani.

MKAZI WA MABATINI
Isamilo wana simtanki na pampu za kwao, usitufunike blanketi moja. Nani analipa? Mimi nalipa tayari. Ndoo ya mkokoteni naipata kwa bei ambayo wewe wa bombani huijui hata kuiota. Ingieni mtaani mhesabu hiyo pesa, muiweke kwenye modeli yenu kama gharama. Mbona umeme wa pampu mnauhesabu na mgongo wa kijana anayesukuma maji mlimani hamuuhesabu?

FUNDI BOMBA, IGOMA
Hapo mama kamaliza. Basi tusianze na mji mzima. Tuchukue zoni moja, tufunge mipaka yake, tuweke dira kubwa mlangoni na vipima presha juu na chini. Tusome saa nane hadi saa kumi usiku, watu wamelala. Matangi yakishajaa, kinachoendelea kupita hapo kwa sehemu kubwa ni uvujaji. Baada ya hapo kijana alete modeli yake tuone kama inafanana na dira.

MKAZI WA MABATINI
Na hiyo zoni ya majaribio mtaichagua wapi? Mkianzia kule ambako maji hayakatiki, mimi simo.