Bloku ya Husqvarna 272 inakaa kwenye 61?

Mkata Miembe, Goba

Wakuu, habari za jioni. Nakata miti ya majumbani huku Goba, Madale na Mbezi: miembe iliyoegemea ukuta, mikungu inayokwangua bati. Chensoo yangu ni Husqvarna 61 ya siku nyingi, niliachiwa na marehemu mjomba aliyekuwa anapasua mbao Kisarawe. Wiki iliyopita, katikati ya gogo, ililia sauti nyembamba kama nyuki aliyebanwa, ikazima. Kamba ikagoma kuvutika.

Nimeifungua. Pistoni imekwaruzika, ringi imeganda kwenye mfereji wake. Sababu naijua: kijana wangu alijaza petroli kavu, isiyochanganywa oili, kutoka kidumu cha bodaboda. Anakana, lakini posho ya siku nne nimeshamkata.

Sasa mtaani Gerezani nimepata bloku na pistoni ya 272, mtumba, laki moja na ishirini. Muuzaji anasema "inaingia hiyo, funga ukakate". Nimezilaza bloku mbili kando kwa kando, matundu ya bolti yanalingana, ila bado naogopa, maana mjini hapa maneno matamu yana bei yake. Inaingia kweli? Au ninunue pistoni ya 272 peke yake, fundi wa bodaboda jirani yangu anichongee bloku ya zamani?

Vumbi la Mbao, Keko

Pole mkuu. Muuzaji safari hii hajakudanganya. 61, 268 na 272 ni ndugu wa tumbo moja: chini ni zile zile, na mwendo wa pistoni ni 34 mm kwa zote. Zinapishana upana tu: 48 mm, 50 mm na 52 mm. Piga hesabu mwenyewe. Nusu ya sentimita 4.8 ni 2.4, fanya 2.4 × 2.4 × 3.14 × 3.4, unapata sisi (cc) 61 na nusu. Weka 2.6 badala ya 2.4, unapata 72. (Ya 268 haifiki hata 67, jina lake limetiwa chumvi kidogo.)

Kuchonga sahau. Bloku za pikipiki zinazochongwa zina chuma ndani. Hiyo yako ni aluminiamu iliyopakwa ngozi ngumu, nyembamba. Ukichonga umeitoa ngozi yenyewe. Kwa hiyo pistoni na bloku vinahama pamoja.

Hiyo ya mtumba imulike ndani na tochi. Ukiona michirizi ya rangi ya fedha usiikatae haraka, mara nyingi ni aluminiamu ya pistoni iliyokufa imenata pale. Mimi natumia asidi ya kusafishia vyoo na kijiti cha pamba cha masikio. Napaka kwenye mchirizi tu, inachemka na kutoa povu, nafuta, narudia. Povu likikoma naosha kwa maji mengi, kisha napitisha ukucha. Usipokwama, bloku ni nzima. Asidi isiguse kingo za matundu, pale aluminiamu iko uchi. Vaa glovu, fanyia nje.

Wakati wa kufunga, mshale wa pistoni utazame ekzosi. Kisha ingiza kipande cha waya laini wa kulehemu kwenye tundu la plagi mpaka kiguse ukuta, zungusha sumaku (lile gurudumu la upande wa kamba) kwa mkono pistoni ikibane, kitoe upime kwa vernia. Kikiwa chini ya nusu milimita mimi sifungi, naongeza gasketi. Na skrubu za kabureta usiziache zilipokuwa, bloku kubwa inavuta upepo mwingi zaidi. Anza na mafuta mengi, punguza kidogo kidogo.

Ila kuna jambo linanisumbua. Kabla haijafa, sailensa (mngurumo wake ukiiacha bila kushika mafuta) ilikuwaje? Na tangi bado lina petroli? Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe uliache likauke. Petroli kavu haiachi kitu, iliyochanganywa inaacha doa la oili.

Mama Kitalu, Mbweni

Mimi si fundi, nina kitalu cha miche na chensoo ya kupunguzia matawi. Oili ya Husqvarna ni mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Ukitumia oili nyingine ya tuu-stroki weka 150. Kifuniko cha chupa si kipimo, kaka zangu.

Mkata Miembe, Goba

Fundi, hapo kwenye sailensa umenigusa. Ni kama mwezi sasa, ikishapata moto ilikuwa inapanda yenyewe bila kushikwa. Nilikuwa nairudisha kwa bisibisi naendelea na kazi. Na plagi nimeitoa, nyeupe kama chokaa.

Tone nimelidondosha kwenye daftari la mwanangu. Limeacha doa, tena la kijani.

Vumbi la Mbao, Keko

Basi kijana hana kosa. Mashine inavuta hewa mahali, na ukifunga 272 juu yake utaiua nayo. Funga bloku mpya bila kabureta wala ekzosi. Toa sumaku na klachi uone sili, zile raba za kuzuia hewa kwenye shafti, za pande zote mbili. Ziba tundu la upepo na la ekzosi kwa raba ya tyubu, shusha pistoni chini, pampu ya baiskeli kwenye tundu la plagi. Taratibu, presha isizidi nusu baa. Paka povu la sabuni kwenye sili na maungio yote.

Mkata Miembe, Goba

Mrejesho. Upande wa klachi kimya. Upande wa sumaku povu lilifura kama maandazi. Sili ilikuwa ngumu kama plastiki, ukiibonyeza inakatika. Nimebadilisha zote mbili, nikapampu tena, hakuna povu. Jana imekata mwembe Madale saa tatu, sailensa imetulia.

Posho ya siku nne nimemrudishia. Kaihesabu, kaitia mfukoni, kaenda kunoa mnyororo. Mpaka leo hajanisemesha.