Presha kuka ya umeme yenye vitufe 14: inalipa kweli au itaishia juu ya friji?

mama_wawili_tabata
Wadau habari za jioni. Jumamosi nimezunguka Kariakoo tangu asubuhi nikarudi mikono mitupu na kichwa kinauma. Kuna presha kuka ya umeme ya lita 6, muuzaji anakwambia inapika wali, inachemsha maharage, inagandisha mtindi, inaoka keki, inakaanga, eti ukishakuwa nayo hayo majiko mengine ugawe. Anataka 280,000, nimembembeleza kashuka mpaka 250,000. Mimi nina mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko la mkaa. Gesi ni ya chai, mboga na wali, ila maharage, makande na utumbo ni mkaa tu maana nikijaribu kwa gesi ule mtungi unaisha kabla sijajipanga. Na mkaa nimeuchoka jamani, tumepanga, korido moja, jirani ana mtoto ana pumu na kila nikiwasha roho inaniuma. Baba watoto anasema hiyo hela tuchukue mtungi mkubwa yamalizike. Mwenye nayo aniambie ukweli, anaipikia kila siku au ilikuwa moto wa wiki ya kwanza?

dada_sinza
Mimi ninayo mwaka wa 3 huu na naipikia karibu kila siku, ila sikiliza vizuri: vitufe viko 14, natumia viwili. Cha presha, na kile cha kukaangia nikiunga kitunguu na nyanya humohumo kabla sijafunga. Keki nilijaribu mara moja ikatoka laini juu haina rangi, ni keki ya mvuke ile, wanangu hawakuigusa. Mtindi sijawahi. Wali unapika lakini maji upunguze sana kuliko ulivyozoea kwa sababu mvuke hautoki, mara ya kwanza nilipata bokoboko. Ugali usahau, huwezi kusonga ugali kwenye kitu kilichofungwa mfuniko, na chapati ndo usiulize.

Sasa kwenye maharage hapo mdogo wangu ndo pesa yako inarudi. Kuna siku nilizima vitu vyote ndani nikasoma mita, nikachemsha nusu kilo ya maharage yaliyolala kwenye maji, nikasoma tena, haikufika nusu yuniti. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani yuniti moja na makodi yake ni kama shilingi 356, kwa hiyo hata 180 haifiki, na mkaa wa 180 unaupata wapi? Siri yake ni kwamba kwenye sufuria la kawaida maji yakifika nyuzi 100 hayapandi tena hata uwashe moto wa harusi, humu ndani mvuke umebanwa yanafika kama 115 hivi kwa hiyo kitu kigumu kinalainika haraka, halafu presha ikishajaa umeme unajikata wenyewe unarudi kidogokidogo tu.

Ila dakika zilizoandikwa kwenye kitabu usizishike kama msahafu. Wanasema 30, hawahesabu muda wa kupanda presha wala wa kusubiri ishuke. Mimi kwa maharage nahesabu saa nzima, tofauti ni kwamba hiyo saa naoga, nasimamia homework ya watoto, sipepei moto.

fundi_buguruni
Nachangia upande wa matengenezo maana zinaletwa sana hapa kwangu. Kinachokufa kwanza ni mpira wa mfuniko, unalegea, mvuke unavujia pembeni, presha haijai na chombo kinachemka mpaka kinaungua chini. Kabla hujalipa muulize muuzaji mpira wa akiba anao, akianza kuzungukazunguka hama duka. Cha pili ni bodi, umeme ukikatika halafu ukarudi kwa nguvu inaungua, na bodi za zile zisizojulikana jina huwa hazipatikani, unabaki na sufuria zuri la kuwekea mchele. Ukiona umeme umekatika chomoa, usisubiri urudi. Cha tatu usiichomeke kwenye ekstensheni ya bei chee pamoja na pasi na jagi la umeme, chombo kimoja tu hapo kina wati 1,000, nimeona ekstensheni zimeyeyuka kabisa. Chomeka ukutani.

Na maharage usivuke nusu ya sufuria, yanavimba na povu lake linaziba kitundu cha mvuke.

shangazi_mbagala
Mwanangu mama wawili, mimi nakuja na neno tofauti na hao. Presha kuka ya kuweka jikoni, ile ya filimbi, ninayo tangu mwanangu wa kwanza yuko chekechea na sasa anafanya kazi. Haina bodi wala kitufe, nimebadilisha mipira tu. Unaweka kwenye gesi moto mkubwa, ikipiga filimbi unashusha moto mpaka mdogo kabisa, hapo ndipo wengi wanakosea wanaacha moto uleule halafu wanalalamika gesi. Maharage yaliyolowekwa hayamalizi nusu saa, kongoro saa moja na linaachia mfupa. Umeme ukikatika mimi naendelea kupika. Na bei haifiki hata nusu ya hiyo uliyotajiwa.

Hivi vyombo vya kazi nyingi mimi vilishanifundisha. Nilinunua mashine ya kusaga yenye vichwa sita, cha karoti, cha kukandia unga, sijui cha nini. Kilichobaki kinafanya kazi ni cha kusagia nazi, na hicho nakishukuru kweli maana kukalia mbuzi ya kukunia sasa mgongo hauwezi. Vile vingine kuviosha ni muda mrefu kuliko kukata karoti kwa kisu. Nunua kwa ajili ya ile kazi moja inayokutesa, zingine ulizopewa juu yake usizilipie.

mlo_salama_kigamboni
Samahani naingilia ila hili lazima lisemwe, wengi hawalijui. Hizo za umeme nyingi zina kitufe cha kupika polepole, masaa sita au nane kwa moto mdogo. Usipikie maharage mekundu makavu pale!! Yale yana sumu yake ya asili, inakufa kwa kuchemka kwelikweli, na ule moto mdogo hauifikishi huko, unaweza kukuta yamelainika kabisa na bado yanatapisha nyumba nzima ndani ya masaa machache. Loweka angalau masaa 5, maji ya kulowekea mwaga, kisha chemsha kwa nguvu dakika 10 au zaidi, au tumia kitufe cha presha, hapo hamna shida.

mama_wawili_tabata
Asanteni sana, nimesoma yote nikamsomea na baba watoto. Dada Sinza hesabu yako imenishawishi kweli, ila kuna kitu sikusema pale juu, LUKU yetu (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni moja wapangaji wanne, tunachanga kwa kichwa. Mwaka jana jirani alinunua jiko la umeme pakawa hapakaliki, yuniti zikiisha mapema kidole ni kwake tu, hata siku ambazo hakuliwasha.

dada_sinza
Aah hiyo ni habari nyingine. Kwa LUKU ya kuchangia hata uwaonyeshe namba za mita hawatakuelewa, na nyumba yenye watu wanne wanachanganya matumizi ile bei ya chini ya walio ndani ya yuniti 75 kwa mwezi lazima mmeshaivuka. Ningekuwa wewe ningemwomba mwenye nyumba kila mtu afunge mita yake ndogo, na mpaka hapo ningefuata ya shangazi.

mama_wawili_tabata
Ndo tulivyoamua. Jumamosi narudi Kariakoo kutafuta ya filimbi, hela inayobaki inaingia kwenye mtungi mkubwa kama baba watoto alivyotaka. Shangazi shikamoo, tuko sita ndani na Jumapili huwa wanaongezeka, nichukue lita 5 au 7?

shangazi_mbagala
Marahaba mwanangu. Chukua 7, si umesikia fundi, maharage ni nusu sufuria. Mfuniko uufunge na kuufungua palepale dukani mara tatu nne, ukiwa unakwama rudisha, na mpira nunua miwili siku hiyohiyo.