Skuta za umeme za kukodi: miji iziondoe au ziendelee?

Kipande cha Mwisho
Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Aprili 2023 Paris waliwauliza wakazi wake kama skuta za umeme za kukodi, vile viubao vya kusimamia vyenye magurudumu mawili na usukani unavyokodi kwa simu, zibaki au ziondoke. Asilimia 89 ya waliopiga kura wakasema ziondoke, na mwisho wa Agosti mwaka huo huduma ikafungwa, skuta 15,000 hivi. Mwaka uliofuata Madrid nao wakafuta leseni za kampuni zinazozikodisha, na Melbourne nao wakaziondoa. Mji ukiziondoa unakuwa umetatua tatizo, au umewanyang'anya watu usafiri? Mimi nasema zibaki, ila ziwe na maegesho maalumu. Kutoka kituo cha treni hadi kazini kuna kale kakipande ambako basi halifiki na kwa miguu unachelewa. Hapo ndipo skuta inapookoa.

Zege
Asilimia 89 ya akina nani? Waliojitokeza hawakufika hata asilimia 8 ya wapiga kura walioandikishwa. Watu laki moja na kidogo wameamulia mji mzima. Halafu kura ilihusu za kukodi tu, mwenye skuta yake binafsi anaendelea kupita hadi leo. Watu wanasema "Paris imepiga marufuku skuta" utadhani zimeisha.

Miguu Miwili
Zege, asiyekwenda kupiga kura asilalamike, mambo ndivyo yalivyo. Mtu mzima, miguu yake miwili mizima, anasimama juu ya kiubao chenye mota kwenda mwendo wa dakika kumi! Wengi wa wanaozipanda wangetembea tu, au wangepanda basi. Na hizo baiskeli za umeme ni yaleyale, uvivu uliopakwa rangi ya kijani. Kama unataka baiskeli, kanyaga.

Fimbo Nyeupe
Naomba niseme kama mtu asiyeona. Fimbo yangu inapapasa chini, kushoto na kulia, sentimita chache tu juu ya ardhi. Skuta ikiwa imesimama, ncha ya fimbo inaweza kupita pembeni ya lile gurudumu dogo nisijue kuna kitu, mpaka usukani unichome ubavuni. Ikiwa imelala ndiyo mbaya zaidi. Fimbo inaingia kati ya gurudumu na nguzo, inakwama, na mwili wangu bado uko kwenye mwendo. Mwezi uliopita nilianguka hivyo nikachanika kiganja. Nilipopiga simu kwa wenye skuta, wakaniomba niwasomee namba iliyoandikwa kwenye usukani.

Mama wa Wawili
"Uvivu uliopakwa rangi ya kijani." Ndugu Miguu Miwili, nimelisoma hilo neno mara tatu. Asubuhi napakia watoto wawili nyuma, mabegi yao kwenye kapu la mbele, na barabara ya kwetu inapanda mwanzo mwisho. Kabla ya baiskeli ya umeme safari hiyohiyo nilikuwa naifanya kwa gari, kila siku, kilomita sita kwenda na sita kurudi. Siku hizi gari linakaa. Sasa mvivu ni nani hapo?

Miguu Miwili
Dada, sikukusema wewe. Nimewasema vijana wasio na mzigo wowote. Lakini kwa kuwa umeleta watoto, mama zetu walipanda milima na mtoto mgongoni na hawakuhitaji betri.

Mama wa Wawili
Mama zetu walibeba kwa sababu hawakuwa na namna nyingine. Mgongo wa mama yangu naukanda mimi kila jioni, najua ulivyo leo. Usiufanye hoja yako.

Pedali
Wengine humu wanapinga kitu wasichokijua. Baiskeli ya umeme, kwa sheria za Ulaya, haiendi usipokanyaga. Mota yake haizidi wati 250, na ukifika kilomita 25 kwa saa inaacha kukusaidia, kilichobaki ni mapaja yako. Nyingi zina kihisio, kifaa kinachopima unavyokanyaga, kwenye mhimili wa pedali. Unapokanyaga kwa nguvu ndipo nayo inaongeza, ukiacha inaacha. Mlimani unahema kama kawaida, tofauti ni kwamba unafika juu. Kuna utafiti wa miji saba ya Ulaya uliochapishwa 2019, ukakuta wenye baiskeli za umeme wanafanya mazoezi karibu sawa na wenye baiskeli za kawaida, kwa sababu wanakwenda mbali zaidi. Kwa hiyo hilo la uvivu lifutwe.

Miguu Miwili
Silifuti. Utafiti uliwahoji wenyewe wanaozipanda. Nani atajiita mvivu?

Pedali
Waliulizwa safari zao na muda waliotumia, hawakuulizwa wanajionaje. Soma kwanza ndipo ubishe, kaka.

Kipande cha Mwisho
Ndugu zangu, mada ni skuta za kukodi. Baiskeli za watu majumbani tuziache.

Ghorofa ya Nne
Hapana, tusiziache majumbani, maana huko ndiko zinakoua. Jirani yangu wa chini anachaji baiskeli yake kwenye korido, chini ya ngazi, na ngazi ni hiyo moja tu. Usiku kijitaa chekundu cha chaja ndicho ninachokiona nikichungulia chini kabla ya kulala. New York, mwaka 2023 pekee, watu 18 walikufa kwa moto ulioanzia kwenye betri za lithiamu za vyombo hivihivi. Ndani ya betri kuna seli nyingi ndogo, moja ikichemka inaichemsha iliyo jirani yake, na ikishaanza hakuna wa kuisimamisha. Nina watoto juu huku. Mnaniambia habari za mapaja?

Pedali
Pole, na hofu yako ni ya haki. Lakini usizichanganye zote. Zinazolaumiwa sana ni betri zisizothibitishwa, zilizofumuliwa na kuungwa upya, au zinazochajiwa kwa chaja isiyo yake. New York wenyewe tangu Septemba 2023 wamekataza kuuza chombo ambacho betri yake haijathibitishwa usalama. Na skuta za kukodi hakuna anayezichaji chini ya ngazi yako. Hiyo ni sababu ya kuzibakiza, si ya kuziondoa.

Ghorofa ya Nne
Mimi sina mashine ya kupima betri ya jirani. Nina pua tu, na nikisikia harufu nitakuwa nimeshachelewa.

Zege
Pedali hapo umesema kweli. Za kukodi ni salama zaidi na ndizo rafiki wa mazingira.

Zamu ya Usiku
Rafiki wa mazingira? Nimefanya kazi ya kukusanya skuta. Gari letu lilikuwa la dizeli, tunazunguka mji kuanzia saa nne usiku tukiokota zilizoisha chaji, alfajiri tunazirudisha. Tulizitoa mitaroni, tulizitoa mtoni na matope kwenye mota. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha North Carolina State, Marekani, walipiga hesabu ya hewa chafu ya skuta moja tangu inapotengenezwa. Karibu nusu ilitokana na kuitengeneza, na zaidi ya asilimia 40 ni kuikusanya kwa gari, yaani kazi yangu mimi. Umeme wenyewe inaoula ni kidogo sana. Siku hizi nyingi zina betri ya kuchomoa, mtu anapita akibadilisha betri na kuiacha skuta palepale, kwa hiyo hesabu imepungua. Lakini ile skuta inayokufa baada ya miezi michache kwa kutupwatupwa haijamsaidia mtu.

Zege
Basi wewe ndiye uliyekuwa unazibwaga njiani alfajiri.

Zamu ya Usiku
Nilizisimamisha moja moja kwa mkono wangu, kwenye mstari, na picha nikapiga. Saa mbili asubuhi unakuta mtu kaitupa mlangoni pa zahanati. Na simu yake imemkubalia kuwa ameegesha sawa, kwa sababu kati ya majengo marefu setilaiti inayoonyesha skuta ilipo inakosea mita kadhaa. Usinihukumu kwa kazi usiyoifanya.

Fimbo Nyeupe
Nimesikiliza majibu yote, simu imenisomea. Tangu jana nimesubiri mtu ajibu nililoandika, nimesikia mapaja, nimesikia mgongo, nimesikia betri. Sitaki ziondolewe zote, na mimi nina wadogo zangu wanaozipanda. Nina swali moja kwa Kipande cha Mwisho. Hayo maegesho maalumu uliyoyasema mwanzoni yatawekwa wapi? Kwenye njia ya wanaotembea, au barabarani?

Kipande cha Mwisho
Samahani, ndugu yangu. Tumekupita kweli. Nilimaanisha barabarani. Unachukua nafasi ya gari moja kila baada ya mitaa kadhaa, unachora mstari, unaweka vyuma vya kuzizuia, na safari haifungi kwenye simu mpaka skuta iwe ndani ya mstari. Paris walitenga sehemu kama 2,500 za namna hiyo kabla ya kura. Oslo mwaka 2021 walizipunguza, zikatoka zaidi ya 20,000 hadi 8,000, na usiku zikafungwa. Haikulazimu kuziondoa zote.

Miguu Miwili
Subiri kwanza. Nafasi ya gari? Na sisi tuegeshe wapi? Mtaani kwangu nazunguka nusu saa jioni kutafuta pa kuliweka.

Mama wa Wawili
Pa kuweka nini?

Miguu Miwili
Gari. Nina gari, ndiyo. La kazi. Ninatembea pale panapotembeka.

Mama wa Wawili
Siku mbili umenitukana kwa kukanyaga pedali na watoto wawili, kumbe unaendesha. Huyu ndugu kachanika kiganja na wewe unalilia maegesho.

Miguu Miwili
Nisilotaka ni kunyang'anywa, kama vile Kipande cha Mwisho hataki kunyang'anywa skuta yake. Mbona yake ni haki na yangu ni dhambi?

Kipande cha Mwisho
Si dhambi. Ila gari lako moja linakaa hapo kutwa nzima, na nafasi hiyohiyo ingetosha watu wengi wanaokuja na kuondoka. Na njia ya miguu ingebaki wazi kwa anayetembea kwa fimbo. Nilidhani wewe ndiye ungeanza kuitetea.

Fimbo Nyeupe
Nafasi ya gari moja zinaingia skuta ngapi?

Zamu ya Usiku
Kumi bila kubanana, ukizipanga mshazari. Usukani wote uelekee barabarani, usitokeze hata mmoja upande wako. Nimezipanga hivyo mara nyingi.